Goti lililolegea, lililopinda na lililosagika: kipi kitengenezwe kwanza?

Swali la msomaji: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina umri wa miaka 44, naishi Morogoro. Mwaka 2009 nilijizungusha vibaya mpirani, goti la kulia likatoa mlio na kuvimba siku hiyohiyo. Nilifungwa plasta, nikachuliwa, kisha nikarudi uwanjani. Tangu wakati huo goti hunichomoka ninapogeuka ghafla. Sasa ni miaka kama mitatu naumwa upande wa ndani wa goti, na mguu umeanza kuwa tege. Daktari wa kwanza ameshauri nitengenezewe ACL, wa pili ameshauri mfupa ukatwe na kunyooshwa, wa tatu amesema nivumilie mpaka wakati wa kuwekewa goti bandia. Bado nacheza na maveterani, nalima, na ninaswali. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo uliyotoa, daktari wa pili ndiye aliye karibu zaidi na njia ambayo ningeifuata mimi, ingawa hao wengine wawili hawakukosea katika kile walichokiona. Goti lako lina matatizo matatu kwa wakati mmoja, yaani limelegea, limepinda na limesagika, na kila mmoja wao alishika tatizo moja akalitolea dawa yake. Kazi iliyobaki ni kujua lipi linazaa mengine, kwa kuwa mpangilio wa matibabu hufuata jambo hilo.

ACL ni ligamenti (ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa) iliyo katikati ya goti, na kazi yake kubwa ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Mlio uliousikia na uvimbe uliokuja siku ileile ni dalili zinazojulikana za kukatika kwake, kwa sababu ligamenti hiyo ina mishipa ya damu na inapokatika damu humwagika ndani ya goti. Plasta haikuweza kuirudisha, maana ncha zilizokatika huogelea ndani ya majimaji ya goti na ni nadra sana kuungana zikiwa na nguvu zake za awali. Uliporudi uwanjani, jukumu la kuzuia muundi liliangukia sehemu ya nyuma ya meniskasi ya ndani, yaani lile pedi la gegedu (tishu ngumu lakini nyororo inayokinga ncha za mifupa) lenye umbo la mwezi mwandamo lililo kati ya mifupa miwili. Meniskasi haikuumbwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo kadiri goti linavyochomoka ndivyo inavyochanika, na inapochanika gegedu la upande wa ndani hubaki bila kinga na huanza kulika.

Hapo ndipo upindaji unapoingia. Hata kwa mtu ambaye mguu wake umenyooka, karibu asilimia 60 hadi 70 ya mzigo unaopita gotini wakati wa kutembea hupitia upande wa ndani. Gegedu la upande huo likipungua, nafasi kati ya mifupa husinyaa, mguu hujikunja kuwa tege, na tege huuongezea upande uleule mzigo ambao tayari umeushinda. Yawezekana pia ulizaliwa na tege dogo ambalo halikuwa na madhara yoyote mpaka ACL ilipokatika. Kwa vyovyote, ukifika hatua hii tatizo hujiendesha lenyewe, na ndiyo sababu maumivu yako yameongezeka ingawa hukuumia upya.

Kabla ya kuzungumzia kisu, niulize kuhusu vipimo, kwa sababu naona watu wengi wakipangiwa upasuaji wa aina hii kwa picha zisizotosha. Eksirei ya goti peke yake, tena iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala, haiwezi kumwambia daktari mguu umepinda kiasi gani. Inayohitajika ni eksirei ndefu, mgonjwa akiwa amesimama kwa miguu yote miwili, inayoonyesha kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu. Juu yake huchorwa mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo. Kwa mtu mzima asiye na tatizo mstari huo hupita karibu na katikati ya goti, na kwa mwenye tege hukimbilia ndani, wakati mwingine mpaka ukatoka kabisa kwenye goti kwa upande huohuo wa ndani. Ongeza picha ya ubavuni, ambayo umuhimu wake nitaueleza hapo chini, na MRI ili kuona hali ya meniskasi na ya gegedu la upande wa nje, kwa kuwa upande wa nje ndio utakaobebeshwa mzigo baadaye na lazima uwe mzima.

Vipimo vya mikono navyo havina mbadala. Daktari atalikunja goti kwa nyuzi 20 hadi 30 na kuuvuta muundi mbele, halafu atalizungusha aone kama linachomoka chini ya mikono yake. Muhimu kuliko yote, akutembeze ukiwa umevaa kaptula. Kama kila unapokanyaga goti linarushwa upande wa nje kisha linarudi, hiyo ni ishara kwamba si mifupa tu iliyopinda, bali hata ligamenti za upande wa nje zimeanza kulegea kwa kuvutwa kila siku. Frank Noyes wa Cincinnati, Marekani, ambaye ameandika sana juu ya magoti ya namna hii, aliyagawa katika ngazi tatu: tege linalotokana na mifupa na kulika kwa upande wa ndani, tege lililoambatana na kulegea kwa upande wa nje, na tege la tatu, zito zaidi, ambapo kona ya nyuma ya nje imeachia na goti hujipinda kinyumenyume mtu anaposimama. Ngazi hizo hubadilisha idadi ya upasuaji utakaohitajika, na hazionekani kwa mgonjwa aliyelala kitandani.

Sasa nirudi kwa madaktari wako. Kutengeneza ACL peke yake katika mguu wenye tege na maumivu ya upande wa ndani ni kazi ambayo mimi singekushauri. Kano mpya itakayopandikizwa, iwe imetolewa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, itavutwa kila hatua utakayopiga na goti linalorushwa nje, na uwezekano wa kulegea au kukatika tena utakuwa mkubwa. Hata ikishika, itaondoa kuchomoka na kuyaacha maumivu palepale, kwa sababu mzigo utaendelea kupita mahali pale palipolika. Tairi linaloliwa upande mmoja halitibiwi kwa kukaza nati. Ningekubaliana na daktari wa kwanza endapo tege lako lingekuwa dogo sana, gegedu la ndani likiwa bado zuri, na malalamiko yako yote yakiwa ni kuchomoka tu.

Goti bandia ni matibabu mazuri sana, lakini kwa umri wako na kwa maisha unayoishi ningeliweka mwisho wa foleni. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliobadilishiwa goti wakiwa na miaka 70 na zaidi walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 5 wa kuhitaji upasuaji wa marudio katika maisha yao yote, ilhali kwa wanaume waliobadilishiwa mwanzoni mwa miaka yao ya hamsini uwezekano huo ulifikia asilimia 35. Wewe hata hamsini hujafika. Upasuaji wa marudio ni mgumu zaidi, mfupa uliobaki huwa pungufu, na matokeo yake mara nyingi hayalingani na ya mara ya kwanza. Kuna pia goti bandia la nusu, linalobadilisha upande mmoja tu, lakini kwa kawaida hilo huhitaji ACL iliyo nzima ili lisichakae mapema, na wewe hunayo.

Tunabaki na upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa wa muundi. Si jambo jipya. Mark Coventry wa Mayo Clinic, Marekani, alikwisha kuuelezea mwaka 1965, ukasukumwa kando pale magoti bandia yaliposhamiri, na umerudi kwa nguvu katika karne hii baada ya kupatikana mabamba ya chuma ambayo skrubu zake hujifunga ndani ya bamba lenyewe na kuushika mfupa imara. Katika namna inayotumika zaidi leo, daktari hukata muundi kutoka upande wa ndani, sentimita chache chini ya goti, akielekea nje, lakini haumalizi: huacha takriban sentimita moja ya mfupa upande wa nje iwe bawaba. Kisha huupanua ufa huo polepole mpaka mguu unyooke kwa kipimo kilichopangwa, na kuufunga kwa bamba. Namna nyingine ni kuondoa kabari ya mfupa upande wa nje na kuufunga ufa. Hiyo huunga haraka, lakini hulazimu kushughulikia ule mfupa mwembamba wa pembeni na humpitisha daktari karibu na neva inayoinua mguu.

Kipimo cha kunyoosha hakikisiwi kwa macho chumbani. Tangu kazi ya Fujisawa na wenzake wa Japani mwaka 1979, madaktari wengi hulenga mstari wa mzigo upite kidogo nje ya katikati ya goti, kwenye takriban asilimia 62 ya upana wa muundi ukipimwa kutoka ndani, ili upande uliolika upumzike. Kwa goti ambalo gegedu lake halijalika sana na shida kubwa ni ulegevu, inatosha kuurudisha mstari katikati au kupita kidogo tu. Kupitiliza kuna gharama: mguu huonekana umepinda upande wa pili, na gegedu la nje, ambalo lilikuwa zima, huanza safari ileile.

Nakuomba univumilie kwa jambo linalofuata, kwa sababu kwa goti lisilo na ACL ndilo linalotenganisha kazi nzuri na mbaya, na mara nyingi mgonjwa haelezwi. Uso wa juu wa muundi haukulala sawasawa kama meza. Umeinama kuelekea nyuma, kwa wastani wa nyuzi 7 hadi 10. Mtu anapokanyaga, mwinamo huo huufanya mfupa wa paja uteleze nyuma na muundi usukumwe mbele, yaani kuelekea kulekule ambako ACL ilikuwa ikizuia. Kadiri mwinamo unavyokuwa mkali, ndivyo goti lisilo na ACL linavyoteleza zaidi, na tafiti nyingi zimeona kwamba mwinamo unaozidi nyuzi 12 huandamana na kukatika kwa ACL zilizopandikizwa. Muundi una umbo la pembetatu, na uso wake wa ndani umekaa mshazari. Daktari akiupanua ufa kwa kiasi kilekile mbele na nyuma, bila kukusudia huwa ameongeza mwinamo. Tege litakuwa limenyooka, maumivu yatapungua, lakini goti litachomoka kuliko zamani. Ndiyo maana ufa wa mbele hutakiwa kuwa takriban nusu ya ule wa nyuma ili mwinamo ubaki ulivyokuwa, na katika goti kama lako ni vema hata ukapunguzwa kidogo. Kwa mtu aliyekatika ligamenti ya nyuma hesabu hugeuka, maana yeye hufaidika na mwinamo kuongezwa. Ile picha ya ubavuni niliyoitaja ndiyo inayopima jambo hili, na ukimuuliza daktari wako mwinamo wako ni nyuzi ngapi, namna atakavyokujibu itakueleza kama ameshalifikiria.

Je, ACL itengenezwe siku hiyohiyo? Hapa wataalamu wanatofautiana, na pande zote mbili zina hoja. Kufanya yote kwa pamoja humpa mgonjwa kipindi kimoja cha kuuguza na likizo moja ya kazi, lakini operesheni huwa ndefu, na tundu la kupitisha kano mpya huweza kugongana na skrubu za bamba. Kwa kijana wa miaka 25 ambaye goti humchomoka hata akitembea barabarani, mimi ningefanya yote pamoja. Kwa mtu wa miaka 44 ambaye kinachomsumbua zaidi ni maumivu, ningenyoosha mfupa kwanza na kurekebisha mwinamo, nikasubiri miezi sita hadi mwaka, kisha nikamuuliza tena. Wengi wa kundi lako hukuta kwamba mguu ulionyooka pamoja na misuli iliyofanyiwa mazoezi vinawatosha, na ACL hawaihitaji tena kwa maisha wanayoishi. Ikibaki haja, itapandikizwa katika mguu ambao hautaiharibu. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli kabla ya kwenda kliniki: katika juma moja la kawaida, ni maumivu au ni kuchomoka kunakokuzuia kufanya unachotaka?

Usifanyiwe lolote kati ya haya kabla hujajaribu kwa miezi kadhaa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na kabla hujapunguza uzito kama umezidi. Wapo wanaopata nafuu ya kuwatosha wakaahirisha kisu kwa miaka. Sindano za kupunguza uvimbe husaidia kwa wiki chache tu, na zile zinazouzwa kwa ahadi ya kurudisha ute wa goti hazinyooshi mfupa wala hazioteshi gegedu. Kuhusu kusafisha goti kwa kamera, ambako wengine hushawishiwa kukufanya kama njia ya mkato, jaribio lililofanyika Houston na kuchapishwa mwaka 2002 liliwalinganisha wagonjwa waliosafishwa kweli na waliochanjwa ngozi tu bila kusafishwa, na matokeo yao hayakutofautiana.

Wapo pia ambao kunyoosha mfupa hakuwafai: mwenye baridi yabisi inayoshambulia goti zima, ambaye upande wake wa nje nao umelika, na ambaye goti halikunji hata kufika nyuzi 90. Mvutaji wa sigara namweka katika kundi la kusubiri, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga na wakati mwingine huuzuia kabisa. Aache wiki kadhaa kabla na asirudie mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye asubiri.

Hatari zipo na ni haki yako kuzijua kabla ya kutia sahihi. Ile bawaba ya mfupa inaweza kuvunjika, mfupa unaweza kuchelewa kuunga, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, jambo ambalo hupunguzwa kwa dawa na kwa kuanza mwendo mapema. Mara chache neva au mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti hudhurika. Baada ya operesheni, maumivu ya mguu yanayozidi kila saa licha ya dawa, vidole vinavyokufa ganzi, shavu la mguu linalovimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla, ni mambo ya kurudi hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Panga kutembelea magongo kwa takriban wiki sita, ingawa kwa mabamba ya sasa madaktari wengine huruhusu kukanyaga mapema zaidi. Kazi ya kusimama darasani mara nyingi huwezekana kati ya mwezi wa pili na wa tatu, na jembe lisubiri mpaka mfupa uunge, ambako huchukua miezi mitatu hadi sita. Hospitali za rufaa zenye idara kubwa za mifupa, kama vile MOI pale Muhimbili au KCMC mjini Moshi, ndizo za kuanzia kuuliza. Uliza nani huko hufanya upasuaji huu mara kwa mara, na uipatie bima yako makadirio ya maandishi yanayotaja bamba, skrubu na fiziotherapia, maana operesheni inaweza kukubaliwa halafu vifaa vikakataliwa.

Kuhusu mpira, nitakuwa mgumu kidogo. Wapo wanaorudi kucheza baada ya upasuaji huu, na ukipandikizwa ACL hakuna kugeuka kwa kasi uwanjani kabla ya angalau miezi tisa. Hata hivyo gegedu lililolika halikurudi. Limepunguziwa mzigo tu. Katika ripoti nyingi, watu kati ya saba na tisa katika kila kumi huwa bado wanatumia goti lao wenyewe miaka kumi baada ya kunyooshwa, na ningependa uwe mmoja wao. Baiskeli, kuogelea, kutembea milimani na kuwanoa vijana ukiwa pembeni ya uwanja ningekuruhusu bila wasiwasi. Mechi za maveterani ningekuomba uziache.

Swala ni jambo tofauti na mpira. Kukunja goti kwa sijida hakuharibu mfupa uliokwisha kuunga, na wengi huirudia. Kinachosumbua ni ngozi: neva ndogo zinazopita pale panapochanjwa huacha ganzi upande wa ndani chini ya goti, na bamba, ambalo limekaa chini ya ngozi nyembamba, huuma linapobanwa na sakafu. Mpaka mfupa uunge utaswali ukiwa umekaa kwenye kiti, na baadaye mkeka mnene utakusaidia. Bamba likiendelea kukukera, huondolewa kwa operesheni ndogo baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, kukiwa na eksirei inayothibitisha kwamba ufa umejaa mfupa.